Kutoka Galula hadi Mwisho wa Bara: Mwongozo wa Njia ya Magharibi

Ukitaka kwenda kwa barabara kutoka Galula hadi pale Afrika inapoishia upande wa kusini, anza na kalenda. Mambo ya gari na nauli yatafuata. Mwezi mzuri wa kuondoka ni Julai, wiki zake za mwisho. Bonde la Rukwa wakati huo limekauka, barabara ya Mbalizi–Galula–Mkwajuni inatimua vumbi lakini haikwamishi mtu, na ufuta umeshavunwa, kwa hiyo aliyejipanga ana fedha mkononi. Zambia nayo iko kwenye miezi yake mikavu. Ukisafiri bila pupa utaingia kusini kabisa mwishoni mwa Agosti, na huo ndio msimu ambao nyika ya Namaqualand, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, hufunikwa na maua ya mwitu kwa wiki chache kabla haijarudi kuwa mawe na vumbi. Ukiondoka Desemba kila kitu kinageuka: matope bondeni, mvua Zambia nzima, na joto la kusini mwa Namibia linalopita nyuzi 40.

Kuna njia mbili. Ya mashariki inapita Lusaka, Chirundu, Harare na Beitbridge hadi Johannesburg, halafu inakata nyika ya Karoo kushuka Cape Town. Hiyo ndiyo ya wafanyabiashara. Ina mabasi mengi, ina watu wengi, na yeyote pale stendi ya Tunduma atakueleza. Mwongozo huu ni wa njia ya magharibi: Lusaka, Livingstone, Katima Mulilo, Rundu, Windhoek, Keetmanshoop, Mto Orange, Springbok, Cape Town, halafu Rasi ya Agulhas. Kutoka Tunduma ni zaidi ya kilomita 4,500. Galula iko nyuzi 8 na nusu hivi kusini mwa Ikweta, na Agulhas inakaribia nyuzi 35.

Kinachoitofautisha njia hii ni upweke wake. Kwa sensa za mwaka 2022, mkoa wetu wa Songwe na jimbo la Northern Cape la Afrika Kusini vina watu karibu sawa, milioni 1.3 na ushee kila upande. Lakini Songwe haifiki kilomita za mraba 28,000, na Northern Cape ina zaidi ya 370,000. Watawanye watu wetu wote, kuanzia Tunduma hadi Mkwajuni, katika eneo kubwa zaidi ya mara 13, utaanza kupata picha ya barabara utakayopita. Namibia nzima ina watu milioni 3 hivi.

Hapo ndipo mtu wa bonde la Rukwa anapomzidi mtu wa Dar es Salaam. Wewe umezoea kuuliza hali ya mto kabla ya kuondoka. Unajua kwamba mafuta ya petroli yanaweza kuwepo leo na kesho yasiwepo. Huanzi safari saa tisa alasiri kwa barabara usiyoijua, na humpiti mtu aliyeharibikiwa bila kusimama. Kusini ya mbali haihitaji ujuzi mwingine zaidi ya huo. Kinachowakwamisha watu wetu njiani ni karatasi na usiku, kwa hiyo tuanze na hizo karatasi.

Karatasi kabla ya mizigo

Mtanzania mwenye pasipoti haombi viza ya matembezi kuingia Zambia, Botswana, Namibia wala Afrika Kusini. Hii ni nafuu kubwa ambayo wengi hawaijui, na madalali wa mpakani wanaishi kwa kutojua huko. Hesabu kurasa zako. Kwa njia hii utagongewa mihuri sita kwenda, na ukirudi kwa njia hiyohiyo sita mingine. Pasipoti yenye ukurasa mmoja mtupu itakurudisha nyumbani ukiwa umeshatumia nauli. Iliyolowa au kuchanika ni vivyo hivyo: ofisa wa Afrika Kusini ana haki ya kuikataa. Na kama unavuka na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya mzazi asiyesafiri, hata kama jirani yako alivuka bila kuulizwa.

Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano kibebe daima. Utaambiwa hakitakiwi, na huenda ni kweli kwa siku hiyo, lakini siku kinapotakiwa hakuna mjadala. Usidanganywe pia kwamba chanjo ya zamani imekwisha muda: tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti cha chanjo hiyo kinadumu maisha yote.

Soma tarehe kila muhuri unapogongwa, ukiwa bado dirishani. Ofisa anaweza kukupa siku 90, anaweza kukupa 14, na kinachohesabika ni kilichoandikwa. Afrika Kusini ndiyo kali zaidi: ukizidisha muda kwa siku zisizozidi 30 unazuiwa kuingia kwa miezi 12, na ukizidisha zaidi ya hapo ni miaka mitano. Hawakukamati barabarani, wanakusubiri mpakani wakati wa kutoka. Najua kuna wanaouza njia za panya pale Tunduma, na kuna vijana wa Kitanzania wanaoishi chini ya madaraja karibu na bandari ya Cape Town baada ya kufika bila karatasi. Sina cha kuongeza juu ya njia hizo zaidi ya kusema kwamba hazihitajiki kwa mtu anayekwenda kutembea na kurudi.

Mwenye gari lake ana mzigo mwingine wa karatasi. Kadi ya gari iwe ya asili na jina liwe lako. Kama si lako, beba barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na mwanasheria. Kila mpaka utakupa kibali cha muda cha gari, na kibali hicho lazima kifungwe unapotoka, la sivyo kwenye kumbukumbu zao gari lako litabaki limo nchini mwao. Bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA, itakuvusha Zambia. Namibia na Afrika Kusini hazimo katika mpango huo. Kule fidia ya majeruhi wa ajali inalipwa na mifuko inayochangiwa kwa tozo ya mafuta, lakini uharibifu wa gari la mwenzako ni juu yako. Pembetatu mbili za tahadhari na stika za kung'aa mbele na nyuma zinunue Tunduma kabla ya kuvuka. Jambo moja tu halibadiliki njia nzima: nchi zote hizi zinaendesha upande wa kushoto.

Galula, Mbalizi, Tunduma

Galula inajulikana zaidi kwa wanajiolojia kuliko kwa makondakta wa mabasi. Mawe ya mchanga mwekundu ya bonde hili wameyapa jina la Galula, na humo yametoka mabaki ya dinosaria kama Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, na Shingopana, 2017. Makaa ya mawe ya ukanda wetu nayo yamo katika miamba ya kundi la Karoo, ileile iliyopewa jina la nyika utakayoigusa mwisho wa safari. Lakini siku ya kuondoka mawe hayo si ya kutazamwa. Ondoka alfajiri. Kupanda kutoka bondeni hadi Mbalizi kunaichosha injini kuliko ramani inavyoonyesha, na ukifika juu utahitaji koti uliloliona halina kazi ulipokuwa Galula. Hilo koti na blanketi zito usiviache: Julai usiku Windhoek na Keetmanshoop baridi hushuka karibu na kuganda.

Mbalizi ndiyo sehemu ya kufanyia gari ukaguzi wa mwisho, kwa sababu mafundi wapo na vipuri vinapatikana kwa bei ya kawaida. Badilisha mkanda wa feni hata kama wa zamani unaonekana mzima, na ule wa zamani utunze kwenye buti. Tairi za akiba ziwe mbili. Moja inatosha hadi Windhoek. Ya pili ni kwa ajili ya huko mbele.

Kati ya Mbalizi na Tunduma, chepuka ukaone kimondo cha Mbozi kule Ndolezi kama hujawahi kukiona. Ni aibu ndogo ya mkoa wetu kwamba wengi tumezaliwa jirani yake na hatujafika. Ni bonge la chuma la urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Kishike, ukikumbuke. Nitakuambia sababu tukifika Grootfontein.

Mpakani Tunduma, tangu mwaka 2019 Tanzania na Zambia zinahudumu kwa pamoja, yaani unagongewa kutoka na kuingia katika jengo moja. Msafiri wa miguu anapita haraka. Foleni ya malori isikutishe, si yako. Na kama umefikiria kuomba lifti kwenye malori hayo, fahamu kwamba mengi yanakwenda Kongo: yakifika Kapiri Mposhi yanakata kwenda Ukanda wa Shaba, na wewe unashushwa njia panda.

Fedha badilisha Nakonde, kwa dirisha lenye leseni, na badilisha kiasi cha kukufikisha Livingstone tu. Shilingi haina kazi ukishatoka Nakonde, na kwacha haina kazi ukishatoka Zambia. Akiba yako iwe dola, noti safi zisizokunjwa. Mbele utatumia randi. Dola ya Namibia inalingana na randi moja kwa moja na randi inapokelewa Namibia kote, lakini ukijaribu kulipa kwa dola ya Namibia dukani Cape Town utarudishiwa. Kwa hiyo itumie iishe kabla ya Mto Orange. Fedha za simu usizitegemee. Toa unachohitaji Tunduma.

Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Ni badiliko pekee hadi Agulhas, lakini lina madhara usiyoyatarajia. Nakonde jua la Julai linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukizidi kwenda magharibi linachelewa: Windhoek na Cape Town mwishoni mwa Agosti linachomoza kama saa moja asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na nusu hivi. Desemba pale Cape Town saa mbili usiku bado kuna mwanga. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa jua inabidi tuangalie simu.

Zambia kwa haraka

Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka. Ni zaidi ya kilomita 1,000 za miombo, mkaa unaouzwa kando ya barabara, na mashimo ambayo hutokea pale ulipoanza kuamini kwamba barabara imekuwa nzuri. Kiswahili chako kitafanya kazi Nakonde, ambako Wanyamwanga ni walewale wa pande zote mbili za mpaka, kisha kitapungua. Jifunze "mulishani" ya Kibemba. Kwa mtu aliyelelewa na shikamoo, kusalimia kabla ya kuuliza njia si kazi ngumu. Ugali hautakuacha. Zambia ni nshima, Namibia na Afrika Kusini ni pap, na dagaa utawakuta kwa jina la kapenta.

Mwaka 2016 Zambia ilipiga marufuku mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ukipanda basi la mchana Nakonde, muulize kondakta mtalala wapi, maana kulala kitini stendi usiyoijua ni sehemu ya nauli. Treni ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na yenye urefu wa kilomita 1,860, inakufikisha Kapiri Mposhi. Ni safari nzuri kuliko basi kwa asiye na haraka. Ratiba yake iulizie stesheni ya Tunduma wiki ileile ya kusafiri, usitegemee maneno ya aliyesafiri mwaka jana.

Lusaka pita tu. Livingstone pumzika siku mbili, ukaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, na ujaze kila kitu: mafuta, maji, chakula.

Hapo unachagua. Daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923, lililofunguliwa Mei 2021 mahali ambapo malori yalikuwa yakisubiri kivuko kwa siku kadhaa, linakuingiza Botswana. Ukipita Kasane na hifadhi ya Chobe unafika Namibia kwa mpaka wa Ngoma. Barabara ni nzuri lakini unaongeza nchi moja na mihuri yake. Njia ya moja kwa moja ni kutoka Livingstone kupitia Sesheke hadi Katima Mulilo, kilomita 200 hivi, na daraja la mwaka 2004 juu ya Zambezi. Sehemu ya barabara hiyo ina sifa mbaya ya mashimo. Asiye na gari achague Sesheke, kwa kuwa mabasi madogo yapo. Mwenye gari dogo achague Kazungula.

Tembo na nyama mbichi

Baada ya Katima Mulilo barabara inanyooka kwa namna ambayo hujawahi kuiona. Kati ya Kongola na Divundu unapita ndani ya hifadhi ya Bwabwata, karibu kilomita 200, hakuna uzio, na tembo wanavuka wanapotaka. Mchana ni jambo la kupiga picha ukiwa ndani ya gari. Usiku tembo hang'ai macho kama mbuzi, ni giza ndani ya giza. Usipite usiku hata kama umechelewa. Lala Kongola au Divundu.

Kati ya Rundu na Grootfontein kuna kizuizi cha mifugo, Mururani, kwenye uzio mrefu unaotenganisha ng'ombe wa kaskazini na wa kusini kwa hofu ya ugonjwa wa midomo na miguu. Nyama mbichi haivuki kwenda kusini. Ofisa atafungua sanduku lako la barafu, atachukua ulichonunua Rundu, na hakuna cha kujadili naye. Pika kabla, au ule. Wafugaji wetu wanaohamisha ng'ombe bonde zima bila kuulizwa watashangaa kuona nchi iliyokatwa vipande viwili kwa sababu ya kwato. Upande wa pili wa uzio huo nyumba za nyasi za kando ya barabara zinakwisha, na yanaanza mashamba makubwa yenye mageti na majina.

Karibu na Grootfontein ndipo kilipo kimondo cha Hoba, kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani: zaidi ya tani 60 za chuma, kilichogunduliwa mwaka 1920 na mkulima aliyekuwa akilima. Sasa weka mkono juu yake, ulinganishe na kile cha Mbozi. Ni chuma kilekile, baridi ileile asubuhi, na vyote viwili havina shimo la kishindo pembeni. Sijui kama kuna barabara nyingine Afrika ambayo mtu anaweza kuondoka kwenye kimondo kimoja na kufika kwenye kingine kwa basi.

Windhoek ni mji safi, wenye maduka makubwa. Nunua laini ya simu ya MTC, fanya ukaguzi wa gari, na usitembee na simu mkononi usiku. Kisha geuka kusini.

Kilomita 800 za uwazi

Kutoka Windhoek hadi mpaka wa Noordoewer ni kilomita 800 hivi za lami nzuri, kupitia Rehoboth, Mariental, Keetmanshoop na Grünau. Kuna mabasi makubwa yanayokwenda moja kwa moja hadi Cape Town, karibu kilomita 1,500, na asiye na gari apande mojawapo, akae upande wa dirisha. Mwenye gari asikubali kupita kwa lami tu.

Kwanza elewa herufi. Barabara za B ni kuu na za lami. Za C na D nyingi ni changarawe, pana, zilizochongwa na greda, na zinaua watu kwa sababu zinapendeza. Unaendesha 100, gari limetulia, mbele hakuna kitu hadi upeo wa macho. Halafu changarawe inaanza kuwa na mawimbi madogo madogo ya kukatiza, usukani unatetemeka, na kwenye kona laini ya mwanzo sehemu ya nyuma ya gari inaanza kwenda njia yake. Anayefunga breki hapo anapinduka. Ajali nyingi za wageni kule hazihusishi gari la pili. Fanya hivi: kama tairi zako hujazwa upepo wa 35, shusha hadi 28 hivi kabla ya kuingia changarawe, na uwe na pampu ya kurudishia ukirudi kwenye lami. Usizidi 80, na kwa gari lililopakia juu usizidi 60. Gari likianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, liache lipunguze lenyewe. Gari linapokuja mbele, sogea kushoto na upunguze, maana jiwe litakalorushwa halichagui kioo.

Maji ni lita tano kwa mtu mmoja kwa siku, na yawe kwenye madumu mawili, moja likipasuka lingine libaki. Mafuta jaza kila unapoona kituo, hata kama tangi lina nusu. Ukiharibikiwa, kaa na gari. Sheria hii ni ngumu kwa mtu wa kwetu, kwa sababu kwetu ukitembea nusu saa utakuta nyumba. Kule ukitembea nusu saa utakuta uzio uleule. Uzio wa waya unaongozana na barabara pande zote mbili kwa mamia ya kilomita, na ndani yake humwoni mtu wala ng'ombe, ila kinu cha upepo kinachopampu maji ya birika tupu. Lakini gari litakalopita litasimama. Hilo ni desturi kule kama bondeni, na wewe simama pia.

Kabla ya Keetmanshoop anza kutazama nguzo za simu. Ndege wadogo wa jamii ya mnana hufuma viota vya pamoja juu yake, lundo la nyasi kubwa kama paa la kibanda, lenye vitundu upande wa chini ambavyo mamia ya ndege wanaingilia. Vingine vinazidi uzito hadi nguzo inavunjika. Nje kidogo ya mji huo upo msitu wa mipodo, mti wa jamii ya mshubiri ambao Wasan walichimba matawi yake kutengeneza podo za mishale. Lala huko usiku mmoja. Nyota zake zinastahili baridi yake.

Kutoka Keetmanshoop kuna barabara ya lami kwenda magharibi hadi Lüderitz, mji wa bahari wenye nyumba za Kijerumani zilizopakwa rangi. Utalii unauza nyumba hizo. Nenda ukaone pia Shark Island, palipokuwa na kambi ambamo Wanama na Waherero walikufa kwa maelfu chini ya Wajerumani miaka ya 1905 hadi 1907. Ni miaka ileile ya Majimaji, serikali ileile ya Berlin, na kwetu ilitumia njaa. Mtanzania wa kusini anaposimama pale si mtalii kamili.

Korongo la Mto Fish, lenye urefu wa kilomita 160 na kina cha zaidi ya mita 500, liko upande wa Grünau. Njia ya kulifikia ni changarawe. Fika jioni au asubuhi mapema. Adhuhuri mwanga unalifuta lote likabaki kama shimo la machimbo. Kushuka chini kunahitaji kibali na hakuruhusiwi miezi ya joto.

Ng'ambo ya Mto Orange

Noordoewer ni kijani cha ghafla: mizabibu iliyonyweshwa maji ya mto, kisha mawe tena. Ukivuka Vioolsdrif umeingia Northern Cape. Barabara ya N7 inapanda hadi Springbok, kilomita 120 hivi bila kituo cha mafuta cha kutegemea, na hapo ndipo maua ya Agosti na Septemba yanapoanza, ya chungwa, meupe na ya zambarau. Yana masharti: hufunguka jua likiwaka, hutazama jua lilipo, na siku ya mawingu hubaki yamefumba. Kwa hiyo usitoke mapema. Toka saa nne asubuhi, tembea ukiwa umelipa jua mgongo, urudi kabla ya saa kumi. Kamieskroon na Garies ni vijiji vya kulala vyenye bei nafuu kuliko Springbok, na Kiafrikana ndicho kinachosemwa. Sema "môre" asubuhi na utapata jibu.

Jioni hakikisha umeshafika unapolala. Mtu wa kigeni anayetafuta chumba usiku kwenye mji mdogo wa Afrika Kusini anaanza vibaya. Wageni wa Kiafrika walishambuliwa katika baadhi ya miji ya nchi hiyo mwaka 2008, 2015 na 2019, na watu wote wawili, mwenyeji na mgeni, wanakumbuka. Laini ya simu kule inasajiliwa kwa pasipoti na anwani, hivyo isajili ukiwa na anwani ya gesti mkononi.

Baada ya Vanrhynsdorp nchi inaanza kujaa: machungwa ya Citrusdal, ngano ya Piketberg, malori, kamera za mwendo, kisha Mlima wa Meza. Cape Town imeandikwa mno, sitaongeza. Wengi huenda Rasi ya Tumaini Jema wakidhani ndio mwisho wa bara. Siyo. Mwisho ni Agulhas, kilomita 220 hivi kusini-mashariki mwa mji, ambapo bahari ya Hindi na ya Atlantiki zimekubaliwa rasmi kuwa zinakutana. Usafiri wa umma kuelekea huko ni haba, kwa hiyo asiye na gari afike Bredasdorp na atafute lifti ya kulipia. Jaza mafuta hapohapo Bredasdorp na ununue chakula, hasa kama ni Jumapili. Mnara wa taa wa mwaka 1849 unapandika kwa ngazi, upepo ni mkali mwaka mzima, na jiwe lenye maandishi ya bahari mbili liko mwendo mfupi kwa njia ya mbao kando ya mawe. Upande wa kushoto ndiyo bahari ileile inayofika Mtwara.

Kwa kurudi, angalia muhuri wako kwanza. Zikiwa zimebaki siku chache, pita N1 hadi Johannesburg na upande basi la njia ya mashariki, siku tatu au nne hadi Tunduma kama Beitbridge itakuwa na huruma.